Ugonjwa Niliouita Uvivu

Mave binti yangu,

Nakuandikia tukiwa nyumba moja. Nakusikia huko chumbani unavyofungua sanduku na kulifunga, unavyocheka na shangazi yako juu ya viatu visivyotaka kuingia. Ningeweza kukuita tu, ukaja ukaketi hapa mbele yangu. Nimejaribu hivyo tangu siku tulipojua kwamba wanakupeleka kufanya kazi Kpandroma. Mara ya kwanza ulikuja, nikakuuliza kama umekwisha kununua tochi. Mara nyingine nikakuomba maji ya kunywa, na kiu sikuwa nayo. Mdomo wangu unakataa. Basi acha mkono ujaribu.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutosafiri katika barabara ile jua likishaanza kushuka hata kama wanasema sasa kuna amani, shangazi yako amekwisha kukuambia na asubuhi atakuambia tena. Mambo ya kazi yetu ya uuguzi umeyasoma shuleni vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni juu ya mama yako. Tafadhali usikunje karatasi hii kwa kuona hivyo. Najua unavyomwita: "ule mama wa Kpandroma." Jina hilo mimi ndiye nilikutengenezea, ingawa sijalitamka hata siku moja.

Ulizaliwa hapa Bunia, wakati watu waliokimbia vita walipokuwa wanarudi mtaa wa Ngezi na kufyeka majani yaliyomea mpaka ndani ya nyumba zao. Nilikuwa muforomo kijana, muuguzi wa kituo cha afya, sindano yangu ilikuwa nyepesi, na watu wa kartie, mtaa wetu, walikuwa wananiita munganga, yaani daktari, ingawa cheo hicho si changu. Sikuwakataza. Siku mama yako aliposhikwa na uchungu, risasi zilikuwa zinalia upande wa hospitali kubwa, hakuna mtu aliyethubutu kwenda huko. Nikamzalisha mwenyewe, mimi na mkunga wetu, katika kituo cha afya. Wewe ulitoka vizuri, ukalia kwa nguvu. Kondo la nyuma likabaki ndani, na damu ikaanza kumwagika.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilitia mkono nikalitoa, nilikanda tumbo, nilipiga sindano, nilitundika chupa ya seromu. Damu ya kumwongezea hatukuwa nayo. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu, macho yakageuka, na mkunga akaanza kuomba kwa sauti kama mtu anayegombana na Mungu. Halafu damu ikapunguka, ikakoma. Baada ya muda mrefu mama yako alifungua macho, akauliza, "Mutoto ni nini?" Nikamjibu, "Ni binti." Akatabasamu, akalala.

Nilisifiwa kwa hiyo siku, Mave. Kanisani nilisimama mbele ya watu kutoa ushuhuda, wakapiga makofi. Niliisimulia hadithi hiyo kwenye harusi na kwenye matanga, nikiongeza kidogo hapa na pale. Niliamini kwamba imekwisha siku damu ilipokoma. Hapo ndipo ninapaswa kuanza kuona haya.

Maziwa hayakutoka. Ulinyonya, ukalia, ukanyonya tena, na matiti ya mama yako yalikuwa laini kama hayajui kwamba amezaa. Koko wako, mama yangu, alimpikia uji wa karanga na majani yote anayoyajua. Hakuna kitu. Shangazi yako ndiye alikuokoa, akileta kila asubuhi maziwa ya ng'ombe kutoka kwa watu wa mume wake. Siku moja koko wako alisema mbele ya wageni, na mama yako akiwa hapo hapo:

"Mwanamuke mwenye anapenda mutoto yake, maziwa inakuya. Huyu anakatala mutoto."

Mama yako alinitazama. Alikuwa anangoja mimi niseme kitu, maana mimi ndiye mwenye elimu ya mambo ya mwili katika nyumba ile. Nilikunywa chai yangu.

Alianza kubadilika polepole, na hilo limenisaidia kujidanganya kwa miaka mingi. Hakuamka mgonjwa siku moja ili nishtuke. Alianza kusikia baridi. Hapa Bunia, saa za mchana, alikaa inje kwenye jua amevaa triko la sufu, mikono ameibana katikati ya magoti. Aliongea polepole, kama neno linatoka mbali. Alichota maji nusu ya njia, akaketi chini. Nilirudi kazini nikakuta moto umezimika na yeye amelala karibu na sufuria. Na wewe ulikuwa unatambaa peke yako, unakula udongo.

Nilipiga kelele. Nilimwambia hivi, nakumbuka kila neno: "Wamama wengine wanazaa, wanaenda shambani na mutoto mugongoni. Weye uko wa namna gani?"

Alijibu tu, "Nachoka, baba Mave. Sijue ni kitu gani. Nachoka."

Ni mgonjwa wangu ndiye aliyesema hivyo, na alikuwa anasema ukweli wote. Kama mwanamke mwingine angekuja kituoni na maneno hayo, ningemkalisha kwenye benchi, ningemtazama macho na ulimi, ningemuuliza tangu lini. Huyu alikuwa mke wangu, kwa hiyo nilimjibu kama mume.

Kuna jambo baya zaidi. Miaka ilipita, wewe ukaanza kukimbia, na mimba nyingine haikuja. Niliuliza juu ya hedhi yake, akaniambia hajaiona tangu alipokuzaa. Muforomo aliyesikia jambo kama hilo angepaswa kusimama. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anapigwa sindano za kuzuia mimba kwa siri. Nilimuuliza mbele ya koko wako, mbele ya shangazi yako:

"Nani alikupiga sindano?"

"Sindano gani?"

"Ya kuzuia watoto. Niambie ni nani, ni santre gani ya afya."

"Hakuna mutu. Naapa kwa Mungu, hakuna."

"Sasa mimba iko wapi?"

Alilia bila sauti, hakufuta hata machozi. Shangazi yako alitoka inje. Aliniambia baadaye kwamba hakuniamini, ila hakuwa na ujasiri wa kunikatalia mimi kaka yake. Tulikuwa wengi tuliokosa ujasiri katika nyumba ile, lakini mimi peke yangu nilikuwa na elimu.

Wakati huo walituita kwenye mafunzo juu ya ugonjwa wa sukari. Nilirudi na kimashini cha kupima damu kidoleni, na kwa mara ya kwanza watu wa kartie yetu waliokuwa wanakojoa sana na kukonda, wakisema wamerogwa, walipewa jina la ugonjwa wao na dawa yake. Kazi hiyo ilinipa heshima kubwa. Walitoka mpaka mtaa wa Mbunya kuja kupimwa na mimi. Lakini nilikuwa na ulimi mkali. Mtu akija na sukari imepanda, nilimgombeza mbele ya benchi zima: "Umekula nini? Unataka kufa?" Mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi sokoni alisikia haya, akaacha kuja. Nilipomtembelea kwake, kidole cha mguu kilikuwa kimekwisha kuoza, na alikuwa amekifunga kwa kitambaa kizuri cha kanisani ili nisione. Aliniambia, "Niliogopa kelele yako, munganga." Kidole kilikatwa. Hata hapo sikujifunza. Nilisema moyoni kwamba ni mkaidi.

Na mama yako nilimpima siku ile ile niliporudi na kimashini. Nilikuwa nimewaita jirani nyumbani kuwaonyesha. Kila mmoja alitoa kidole, tukacheka. Mama yako alitoa chake mwishoni. Namba ikatoka chini sana, chini kuliko ya watu wote. Mkono wake ulikuwa baridi na una jasho. Nilitazama ile namba, nikawainulia jirani ili waione, nikasema:

"Munaona? Huyu hana ugonjwa wa sukari. Ugonjwa yake ni uvivu, na kimashini ya uvivu hawajanipatia."

Walicheka, Mave. Yeye pia alijaribu kucheka.

Nilikuwa nimefundishwa kuogopa sukari inayopanda. Ile inayoshuka kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, aliyekula mchana ule pamoja na mimi, ilipaswa kunikatisha usingizi. Mwili wake ulikuwa umejieleza waziwazi, na kimashini nilikuwa nacho mkononi, nikafanya mchezo.

Baada ya hapo koko wako na wazee wa ukoo walikaa, wakasema mwanamke huyu arudishwe kwao Kpandroma, apumzike huko, tuone. Sikupinga. Nitakuambia ukweli: nilifurahi kwamba neno hilo limetoka kwao. Nilimpeleka mwenyewe. Njia nzima alilala begani kwangu, hata kwenye vizuizi askari walipotuamuru tushuke nilimshikilia kama mtoto. Kpandroma, huko juu milimani, ilikuwa katika ukungu. Kaka yake, mjomba wako Lokana, alitupokea, akatazama uso wa dada yake uliovimba, akanitazama mimi.

"Ni mugonjwa?"

"Hapana," nilisema. "Anapumuzika tu."

Mtu anayeteswa na baridi, nilimpeleka mahali pa baridi kuliko zote ninazozijua, nikarudi. Aliniomba kitu kimoja: "Mave utamuleta lini?" Nilimwambia wakati wa likizo.

Ulikuwa bado hujaanza shule. Niliporudi ulisimama mlangoni, ukatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayekuja. "Mama iko wapi?" Ningeweza kusema mama yako ni mgonjwa, ama nimempeleka mimi. Nilikuambia, "Mama yako alichoka na siye. Alirudi kwao." Ulirudi ndani. Siku nyingi zilipita, ukaja kuniambia peke yako, kama mtu aliyefikiri sana, "Mama hakuwa ananibeba." Nilikuacha na neno hilo. Likizo zilikuja zikapita. Kuna wakati barabara ilifungwa kwa sababu ya vita, na nakiri kwamba nilishukuru kwa kupata sababu.

Wewe ulikua na hasira safi ya mtoto aliyeachwa, na mimi nilikuwa baba mzuri aliyebaki. Umenisifu mbele ya rafiki zako. Kila mara uliponisifu nilipaswa kusema.

Sasa nakuambia jinsi ugonjwa wake ulivyopata jina. Ulikuwa shule ya sekondari, mwaka wa kwanza. Mjomba wako Lokana alishuka na mama yako kwa motokari ya viazi, akamleta moja kwa moja kwenye kituo changu, maana hakujua mwingine hapa mjini. Alikuwa na homa, anatapika, kisha akaacha kuitika. Sikumtambua mara moja. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa chache, hata nyusi. Nilidhani ni malaria kali, na malaria kweli ilikuwepo. Nilipima sukari: ilikuwa karibu haipo. Nikatia maji ya sukari mshipani, akafungua macho, akanitambua, akasema, "Ni weye." Kisha akazama tena. Nikatia tena, akaamka, akazama. Presha ilishuka na seromu haikuipandisha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mke wangu mbele yangu kama mgonjwa, na sikujua la kufanya. Tulimpakia tukampeleka hospitali kubwa.

Munganga aliyetupokea alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Alimtazama mama yako kutoka kichwani mpaka miguuni, akainua mkono wake akatazama kwapa, hakukuwa na nywele hata moja. Akanigeukia mimi, kwa sababu mgonjwa hakuweza kujibu.

"Wakati alizaa mutoto wa mwisho, alipoteza damu mingi?"

"Ndiyo. Mingi sana."

"Maziwa ilitoka?"

"Hapana."

"Hedhi ilirudi?"

Nilikuwa najibu kama mwanafunzi. Kila alichouliza nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekijua miaka yote. Yalikuwa yale yale niliyomshitaki nayo mama yako: maziwa, mimba, baridi, usingizi. Nilikuwa nimeyakusanya vizuri kuliko munganga yeyote, nikayatumia kumhukumu.

"Haikurudi," nilisema.

"Na hakuna muforomo mwenye aliona hii yote?"

Mjomba wako alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alinitazama.

"Miye ni muforomo," nilisema. "Na ni bwana yake."

Yule munganga hakunikemea. Alimpiga mama yako sindano ya homoni ile ambayo mwili unaitumia kusimama mbele ya homa na njaa, akaendelea na seromu na dawa ya malaria, kisha akanieleza, na mpaka leo ninakumbuka upole wake kuliko maelezo yenyewe. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo, kama punje ya haragi. Wakati wa mimba kinakua na kinahitaji damu nyingi. Mama akimwaga damu kupita kiasi kwenye kuzaa, kinaweza kufa. Na ni chenyewe kinachoamuru maziwa kutoka, na hedhi, na joto la mwili, na nguvu, na sukari isishuke mtu akikosa kula ao akiugua. Kikifa, mtu hafi siku hiyo. Anazimika polepole, kama makaa.

"Usijihukumu sana," aliniambia. "Hii ugonjwa, hata waganga wakubwa wanaipita bila kuiona."

Nilimshukuru. Lakini waganga hao wakubwa hawakulala naye kitanda kimoja.

Siku iliyofuata mama yako aliketi kitandani akaomba chakula. Alisema, "Nasikia njala," na kaka yake akaanza kulia, kwa sababu hakuwa amesikia neno hilo kutoka kwake tangu alipompokea. Alikula bugali na sombe. Munganga alimwanzishia vidonge: kwanza vile vya kuchukua nafasi ya ile sindano, na siku kadhaa baadaye vya joto la mwili, akanionya tusibadilishe utaratibu huo, maana ukimwasha mtu wa namna hiyo kabla ya kumpa nguvu ya kusimama, unaweza kumwua. Akamwambia akipata homa aongeze vile vya kwanza, na kama anatapika asikae nyumbani, aje. Damu yake ilipelekwa maabara ya mbali, na majibu yalipokuja yalisema vile vile kama yule munganga alivyosema kwa macho na maswali yake. Ni vidonge vya kila siku, vya maisha yote, vidogo hivi. Kabla ya kutoka hospitali alikuwa ameanza kuongea haraka kidogo, na nikakumbuka kwamba nilioa mwanamke mcheshi.

Alikuulizia. Kila nilipoingia alikuulizia. "Mave iko wapi? Nimuone tu."

Nilikuwa nimekupeleka kwa shangazi yako Mbunya juma lile lote. Ulifikiri ni kwa sababu ya kupaka nyumba rangi. Nilimwambia mama yako, "Iko na mitihani." Niliogopa ukimwona utamuuliza kwa nini alituacha, naye atakujibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa hata baada ya kujua kila kitu. Kabla ya siku ile ningeweza kusema sikujua. Tangu siku ile sina kisingizio.

Kabla hajapanda motokari kurudi juu, nilimwomba arudi nyumbani kwangu. Alifikiri, akasema, "Hapana, baba Mave. Kwa kaka yangu walinionea huruma bila kujua ugonjwa yangu. Weye ulingoja ipate jina."

Nilimpokeza mfuko wake wa vidonge, akapanda.

Sasa siku ya diploma yako. Ulikuwa mweupe kwa unga wa sherehe, kichwa mpaka mabega, umebebwa na wenzako, wanaimba. Mama yako alikuwa amekuja bila kunijulisha, pamoja na mjomba Lokana, amevaa kitenge kipya, na alikuwa amesimama kando ya njia ili usipite bila kumwona. Ulimwona. Alinyoosha mkono. Ulisema, "Bonjour, mama," kama unavyosalimia muuzaji, ukageukia rafiki zako, na mkono wake ukabaki hewani kidogo kabla hajaushusha. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ningekushika bega, ningesema, Mave, msalimie vizuri, mimi nitakueleza. Nilirekebisha tai yangu.

Mama yako alinikaribia na kusema, "Iko sawa. Amekuwa murefu." Halafu wakaenda kutafuta motokari.

Haya mengine yote nimeyatubu kwa Mungu mara nyingi. Ile siku sijaweza hata kuiombea, kwa sababu naona ile tai.

Utakuwa na kituo chako sasa. Watakuletea mwanamke, na wale waliomleta ndio watakaoanza kusema: ni mvivu, ni mkaidi, hataki kuzaa, ana mapepo. Sikuandikii ili kukupa somo juu yake. Ila ninapokumbuka jinsi mama yako alivyonitazama juu ya kikombe cha chai, natamani mtu angewatoa wote inje, mimi wa kwanza, akamuuliza yeye peke yake: ulipozaa, ilikuwaje? Angejibu. Hakuna aliyekuwa amemzuia kujibu ila sisi tuliojua majibu. Na yule mwenye sukari atakayekuja akiwa amekula alichokatazwa, mwache akuambie bila woga. Mama wa mandazi bado anapita mbali na kituo chetu. Mimi sina tena sauti ya kumwita.

Nilimpigia mama yako simu, kupitia ile ya mjomba wako, nikamwambia kwamba umepangiwa Kpandroma na kwamba nataka kukuambia. Akaniuliza:

"Utamwambia nini?"

"Yote."

"Yote ni mingi. Mwambie kama nilikuwa mugonjwa. Ile ingine nitamwambia miye, kama atauliza."

Nikajaribu kumwomba msamaha. Akasema hanisikii vizuri, mtandao ni mbaya huko kwao. Mimi nilikuwa namsikia kama yuko chumba hiki. Sikuendelea.

Kwa hiyo nimevunja neno lake, nimekuambia zaidi ya alivyotaka. Ni kwa sababu akikuambia yeye atanipunguzia. Namjua. Atasema baba yako alikuwa kijana, hakujua, wakati ulikuwa mgumu. Usikubali anipunguzie.

Hasira yako ni yako, Mave, sikunyang'anyi. Ila imekuwa ikienda kwenye anwani isiyo yake, na mimi ndiye niliyeiandika anwani hiyo. Ilete hapa.

Sitaiweka barua hii ndani ya sanduku uje kuikuta mbali. Nitakupa mkononi asubuhi, kabla motokari haijafika, ili uwe na nafasi ya kunijia na maswali, ama na kelele. Nitakuwa nimeketi barazani. Ukitaka kupita mbele yangu na kupanda bila kuniaga, pita. Shangazi yako nitamwambia asikuzuie.

Na huko juu, siku utakayomwona sokoni ao mlangoni pa kituo chako, usimwambie kwamba nimekutuma. Sijakutuma. Kama utakwenda kwake, nenda kwa miguu yako mwenyewe, na umwache yeye aamue ni kwa muda gani atakushika.

Baba yako